Mwenye Samaki Ameenda Wapi

Yule mwalimu mkuu mstaafu wa Obunga, aliyekuwa akikohoa tu hata vyura wa ziwani wananyamaza, siku hizi anakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta iliyokwisha kutolewa minofu. Mwiko anaushika kwa vidole vitatu kama chaki, na kanisani husema yuko nyumbani anapumzika. Jana, alipomwona mwenyekiti wa akina mama wa kanisa akija, aliruka akapanga foleni na wateja mbele ya karai lake mwenyewe.

"Mwalimu, mwenye samaki ameenda wapi?"

"Hata mimi namngoja."

Samaki wakaanza kuungua. Mwenyekiti akachukua mwiko, akawageuza polepole. "Akirudi, mwambie kwangu tunakula samaki wake kila wiki, na hatujaona aibu."

Mwalimu akaahidi, macho chini, kwamba atamwambia.