Ugonjwa Mmoja, Hospitali Tatu

Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa maneno mengi. Nimeombwa mara nne nisimame mbele ya watu nieleze nilivyopona, na mara zote nimetafuta kisingizio. Nimeona afadhali niandike. Nitaeleza mambo jinsi yalivyofuatana, na pale ambapo sikuwa na fahamu nitasema nimeambiwa na nani.

Mimi ni fundi wa pampu za visima, mwajiriwa wa serikali, mzaliwa wa Taveta. Nililetwa Kakuma kikazi, nikamwoa Damaris, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Bungoma, na sote wawili tukalizoea jua. Kabla ya kuugua sikuwahi kulazwa hospitali hata siku moja. Nilikuwa navuta mabomba ya chuma kutoka kisimani kwa mikono, na wenzangu walipokuwa wakihema mimi nilikuwa nawatania. Sikuvuta sigara, sikunywa pombe. Nilidhani mapafu yangu ni ya kudumu.

Mwishoni mwa mwaka 2012 nilianza kukohoa. Huku kila mtu anakohoa, na sababu inayotajwa ni moja tu: vumbi. Nikanywa maziwa ya ngamia ya moto, nikaendelea na kazi. Siku ya tatu homa ikapanda, nikanunua dawa za malaria dukani. Sisi watu wa kuja tukipata homa tunajitibu malaria kwanza, maswali baadaye. Dawa nikazimaliza, homa ikabaki. Nikaanza kutema makohozi yenye rangi ya kutu. Rangi hiyo nimeiona kwenye mabomba miaka mingi, lakini kuiona kwenye leso yangu kulinishtua. Ubavu wa kulia ulinichoma kila nilipovuta pumzi. Siku ya sita nilifunga kiatu kimoja, nikapumzika, ndipo nikafunga cha pili.

Damaris alikuwa ananitazama. Akasema, "Leo kazini huendi. Leo ni hospitali."

Nikamwambia nikamalize kisima kimoja kwanza. Akachukua ufunguo wa pikipiki, akautia ndani ya sidiria, akaenda kumwita jirani mwenye gari.

Hospitali ya kwanza ilikuwa hapo hapo Kakuma. Aliyenipokea anaitwa Lomuria. Kwa cheo yeye ni afisa wa tiba, lakini wote tunamwita daktari na ameshachoka kutusahihisha. Alinibana kidole kwa kile kifaa kidogo kinachosoma hewa iliyomo kwenye damu.

"Ejok, Fundi?" alinijulia hali kwa Kiturkana, yaani u mzima?

"Ejok."

"Si ejok hii. Mtu mzima inafaa asome juu ya tisini. Wewe iko sabini na nane."

Alisema ni nimonia, imeshika mapafu yote mawili. Nikatundikiwa dripu, nikachomwa antibayotiki, nikawekewa mpira wa oksijeni puani. Mashine ya oksijeni ilikuwa moja, na mpira wake uligawanywa mara mbili, nusu kwangu, nusu kwa kitanda cha jirani. Kwenye kitanda hicho alilala mfugaji wa Lopur anayeitwa Ebei, rika langu, mwenye ugonjwa ule ule. Mkewe, Nakiru, alikaa sakafuni akimpepea kwa kipande cha katoni. Tulifahamiana kwa sababu mimi ndiye niliyetengeneza kisima chao. Ebei alikuwa na utani hata katika hali ile.

"Fundi, wewe iko na pua kubwa," aliniambia. "Unakunywa hewa yote."

Nikacheka, na kicheko kikanikata pumzi mpaka Lomuria akaja kutugombeza.

Siku mbili tulikwenda hivyo. Sikupona, ila sikuzidiwa. Kucha zangu zilikuwa za samawati, ulimi umekauka mpaka unashika kwenye meno. Nilikojoa kwenye chupa na Damaris akaimwaga. Kuzungumza nilikoma, maana kila neno lilikuwa na gharama.

Sasa nieleze kosa letu, maana ni letu, si la hospitali.

Sisi tuliotoka sehemu nyingine tuna desturi moja hapa Turkana. Ukivuka kwenda Kitale unasema unaenda Kenya, kana kwamba huku si Kenya. Na mtu wa kuja akiugua sana, wenzake wanamtoa, wanampeleka Kenya. Hakuna anayeuliza Kenya gani, hospitali gani, kuna nini huko. Nia ni njema. Kila mmoja anaogopa kurudishwa kwao kwenye jeneza, basi tunarudishana tukiwa bado tunapumua. Hata mimi nimeshawatoa watu wawili kwa njia hiyo, na mmoja alifia njiani, na sikujifunza chochote.

Siku ya tatu wakaja watu wa ushirika wetu wa kanisa, wakiongozwa na mwenyekiti, mfanyabiashara wa nafaka kutoka Meru. Walikuwa wameshapata pikapu na godoro. Lomuria akasimama mlangoni.

"Mnampeleka wapi?"

"Kitale. Tukishindwa, hata Lodwar. Si ni kubwa kuliko hapa?" alisema mwenyekiti.

"Mmepiga simu huko? Mmeuliza kama wako na mashine ya kupumulia mtu? Kama kuna kitanda?"

"Daktari, kwa imani tutafika."

"Na oksijeni ya njiani?"

Hawakuwa nayo. Ambulansi ilikuwa Lokichoggio. Mtungi wa kubebeka ulikuwa humo humo ndani ya ambulansi. Lomuria aliwaomba wangoje mpaka irudi. Damaris akanitazama, na mimi, mume wake, fundi ninayejua kwamba pampu haizimwi kabla hujajua itawashwa vipi, niliitikia kwa kichwa kwamba twende. Niliogopa kufia pale. Sikuwa na sababu nyingine.

Wakaniondolea mpira wa pua. Ebei akainua mkono kuniaga. Mpira wangu akapewa yeye, akabaki na mashine nzima.

Barabara ya Kakuma hadi Lodwar siku hizo ilikuwa mashimo matupu. Nakumbuka mwanzo wake. Nakumbuka kifua kikifanya kazi na hewa haiingii, na jasho baridi chini ya jua lile. Nilijinyea. Damaris alinifuta kwa leso yake huku akiimba wimbo wa pambio. Baada ya hapo sikumbuki. Yanayofuata nimeambiwa na yeye.

Kitale wakaisahau wenyewe. Waliingia hospitali ya pili, ya Lodwar, wakipiga honi, na mimi midomo imekuwa myeusi. Kifaa cha kidole kilisoma hamsini na nne. Daktari wa zamu alikuwa msichana mdogo, ametoka chuoni si zamani. Hakupoteza muda wa kulaumu. Alinichoma sindano ya usingizi, akanipitishia mpira kooni hadi kwenye njia ya hewa, akaanza kubana ule mfuko wa kupulizia kwa mkono. Kisha akamwambia Damaris ukweli, na kwa ukweli huo namshukuru mpaka leo.

"Mama, hapa hatutaweza. Mashine ya kupumulia tunayo, iko stoo, bado iko kwa boksi. Hatuna mtu amesomea kuiendesha. Akibaki hapa atachoka, na sisi tutachoka."

"Iko wapi yenye mtu?"

"Eldoret. Wacha nipige simu nijue kama kuna kitanda."

Alipiga simu kabla ya mtu yeyote kuwasha gari. Kitanda kilikuwepo kimoja. Damaris naye akampigia mkuu wangu wa kazi, naye akahangaika na watu wa bima ya watumishi wa serikali mpaka ndege ya madaktari ikakubali kuja. Tangu saa sita mchana hadi saa kumi na nusu walibana mfuko ule kwa zamu: daktari, muuguzi, mwenyekiti wa nafaka, na mke wangu. Walibana wakihesabu kwa sauti ili wasiende mbio. Damaris ananiambia vidole vilikufa ganzi na hakuna aliyethubutu kusema amechoka.

Hospitali ya tatu siwezi kuisifu kwa uzuri wa majengo, kwa sababu sikuyaona. Niliingia ICU nimelala, nikabaki kwenye mashine siku kumi na moja. Nimeambiwa kulikuwa na muuguzi kando ya kitanda mchana na usiku, akirekebisha mashine kila nilipobadilika, akininyonya makohozi, akinigeuza ubavu kwa ubavu. Siku ya nne figo zilianza kulegea, wakaona mapema, wakazuia. Siku ya saba bomba la kooni liliziba, wakaliona dakika hiyo hiyo. Daktari mkuu alimwambia Damaris, "Dawa anazopata hapa ni karibu zile zile za Kakuma. Tofauti ni kwamba tunampumulia mpaka zifanye kazi."

Nilipoamka sikuwa na sauti. Nilikuwa na mpira wa mkojo, kidonda cha kulala juu ya makalio, na miguu iliyokonda kama ya mbuzi wa kiangazi. Nililia bila sababu, siku tatu mfululizo, na wauguzi wakasema ni kawaida. Kusimama nilijifunza upya. Kijiko cha uji kilinitetemekea mkononi, nikajimwagia, nikalia tena. Mwanzoni mwa 2013, wakati watu wanajiandaa kupiga kura, nilitoka hospitalini nikitembea kwa mkongojo. Leo napanda ngazi ya tangi la maji, ila napumzika katikati.

Shukrani zangu ni hizi. Namshukuru Mungu. Namshukuru Damaris, Lomuria, na yule daktari mdogo wa Lodwar. Namshukuru mwenyekiti, aliyenitoa kwenye oksijeni, halafu akabana mfuko mpaka mikono ikavimba.

Ushauri wangu ni mfupi. Mgonjwa wako akishindwa kupumua, usiulize hospitali ipi ni kubwa wala ipi iko Kenya. Uliza ipi ina mashine ya kumpumulia, nani anaiendesha, na kama kuna kitanda. Piga simu kwanza. Usimwondoe kwenye oksijeni aliyonayo mpaka umepata ya njiani. Na ukikohoa siku tatu na homa ipo, liache vumbi lipumzike, nenda ukapimwe.

Nilikuwa nimeishia hapo. Damaris amesoma karatasi hizi akasema ushuhuda huu umekatwa mguu, na bila habari ya Lopur hatakubali nimpe mtu yeyote asome. Basi niieleze.

Niliporudi kazini nilimuuliza Lomuria habari za Ebei. Aliniambia alipata nafuu siku mbili alipobaki na mashine peke yake, kisha mapafu yakachoka. Siku nilipoondoka mimi, kidole cha Ebei kilikuwa kinasoma juu kuliko changu. Safari hii Lomuria alifanya yote niliyoshauri hapo juu. Alipiga simu Eldoret. Kitanda kingine kilikuwepo. Ambulansi kufika huko ilikuwa siku nzima ya barabara mbovu, na mtungi wake haukutosha hata nusu ya safari. Ndege ilihitaji bima, na Ebei alikuwa na mbuzi. Alikufa siku ya tano tangu niondoke, akiwa amekaa, maana kulala kulimshinda.

Katikati ya mwaka nilitumwa Lopur, pampu ilikuwa imekwama. Nakiru alikuja na ndoo zake. Alivaa shanga chache kuliko nilizozoea kumwona nazo, kama wajane wa huku. Alinitazama nikifungua nati, muda mrefu, kisha akaja karibu.

"Fundi, umerudi."

"Nimerudi, mama. Pole kwa Ebei."

"Ile ugonjwa yako na yake ilikuwa moja?"

"Moja."

"Na dawa?"

"Ile ile. Hata mashine si tulikuwa tunavuta moja?"

"Sasa wewe ulipona na nini?"

Nilitaka kusema Mungu. Neno lilikuwa tayari mdomoni, ndilo ninalolisema kwa kila anayeniuliza, na watu huitikia amina tukaachana vizuri. Mbele yake halikutoka. Niliona aibu, na niseme wazi, ilikuwa aibu ya kuwa hai.

"Nilipelekwa hospitali ingine," nikamwambia. "Wako na mashine inapumulia mtu, na mtu wa kuilinda mchana na usiku. Ebei pia walimkubali huko. Kitanda kilikuwa. Ndege ndiyo ilikosa."

Aliweka ndoo chini, akaifuta mdomo kwa kiganja, polepole, akairudia.

"Mimi nimekasirikia Mungu tangu ile siku," alisema. "Hata kuomba nimeacha. Kumbe ilikuwa ndege."