Kibodi Iliyonisemea Wivu Wangu

Ofisi yetu ya skimu ya umwagiliaji wa mpunga, hapa Ndungu, ina kishikwambi kimoja, tunakitumia mimi na Neema. Neema anaandika kama anakimbizwa: anagusa tu maneno yanayojileta juu ya kibodi. Mwenyekiti hakuchoka kumsifu. Roho ikaniuma jamani! Nikaanza mazoezi ya kasi kila jioni, sentensi ileile: "Neema anajidai sana, hana lolote." Kisha nafuta, najiona mjanja.

Kumbe kibodi inakariri.

Juzi Neema akaandika jina lake chini ya muhtasari wa kikao, mwenyekiti kasimama nyuma yake. Kibodi ikaleta: anajidai. Akagusa kwa mshangao. Ikaleta: sana. Halafu: hana lolote.

"Hiki mnakitumia wangapi?" mwenyekiti akauliza.

"Wawili tu, mzee," Neema akajibu akinitazama. "Na mimi sijisemi."