Tairi Zilizomshitaki Mume Wangu

Mume wangu alishitakiwa na tairi.

Najua inachekesha. Nyumbani kwangu hakuna aliyecheka.

Mimi ni fundi wa mapazia. Nashona, napeleka, natundika. Kazi ya nguo imenifundisha kusoma uchakavu. Suruali ikilika magotini, mwenyewe anapiga magoti kazini. Ikilika nyuma, anakaa kutwa. Shati likichanika kwapani, ananyanyua mizigo. Mteja hana haja ya kunieleza anafanya kazi gani, nguo inakuwa imeshamsema.

Sasa mtu wa namna hiyo mpe gari linalokula tairi, uone.

Gari letu ni la haibridi, lina injini na betri, tulilinunua likiwa limeshatumika. Mume wangu, mwalimu wa hesabu, alilipenda kwa sababu halinywi mafuta. Mimi nililichukia kwa sababu halina sauti. Gari la kawaida likiwashwa unajua mtu anaondoka. Hili linatumia betri, linatoka getini kama paka aliyeiba nyama. Unageuka na sufuria mkononi, gari halipo.

Siku za kazi nalitumia mimi kupelekea mapazia. Jumamosi ni lake.

"Naenda kuliosha," husema.

Basi siku moja nikapita kwa fundi tairi kujaza upepo. Akainama, akachungulia, akapiga mluzi.

"Mama, hizi za mbele si tulifunga juzi juzi tu hapa hapa?"

"Ndizo."

"Hebu njoo uone."

Kwa nje tairi zilikuwa nzuri, meno yote yapo. Kwa ndani, upande ule unaotazama chini ya gari, zilikuwa zimelika mpaka waya zimetokeza. Zote mbili.

"Gari hii inasafiri," akasema huku anacheka. "Muulize mzee huwa anakwenda wapi."

Yeye alikuwa anatania. Mimi nililichukua neno kama lilivyo.

Maana uchakavu hauji bure. Hilo nalijua kuliko ninavyojua jina langu. Kitu kikichakaa haraka, kuna mtu anakitumia mahali usipomwona.

Nikakimbilia kuangalia kilomita kwenye dashibodi. Hazikuwa nyingi. Mtu mwenye akili zake angeishia hapo.

Lakini nina shoga yangu, msusi, tumepakana milango ya maduka. Nikamweleza. Akaacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa, akanitazama kwa huruma.

"Kilomita? We unaishi dunia gani? Siku hizi wanazirudisha kwa kompyuta, dakika tu!"

Ikawa hivyo. Kilomita zingekuwa nyingi, ana mwanamke. Zimekuwa chache, ana mwanamke na ni mjanja.

Nikaanza kuishi kama mlinzi. Jumamosi gari likirudi nakimbia kuweka kiganja juu ya boneti. Limepoa! Halafu nakumbuka kwamba linaweza kuzunguka mitaa injini imelala, kwa hiyo kupoa si ushahidi. Nikawa naona kama gari lenyewe liliundwa kwa ajili ya waongo.

Kiti cha abiria nikakikuta kimesukumwa nyuma mpaka mwisho.

Nani mwenye miguu mirefu hivyo?

"Ulimbeba nani?" nikamuuliza.

"Wapi?"

"Kwenye kiti."

Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Alinitazama, akatazama kiti, akaenda kusahihisha madaftari ya watoto wa watu. Afadhali angenidanganya.

Tukafunga tairi nyingine. Nazo zikaliwa, ndani kwa ndani, vilevile.

Kazi ikaanza kuniharibikia. Nikakata pazia la mteja fupi, madirisha yakabaki na miguu nje. Nikishona, sikio liko barabarani, linasubiri sauti ambayo najua haitakuja. Chakula hakishuki. Nikiona mwanamke mrefu mtaani namfuata kwa macho mpaka apotee. Jamani, wivu unachosha kuliko kufua mablanketi.

Mwishowe nikaitisha kikao.

Upande wake alikuja kaka yake mkubwa, shemeji yangu, mtu mpole anayependa chai. Upande wangu alikuja mama. Mama anaishi peke yake, mwendo mfupi tu kutoka kwetu, kwenye nyumba aliyojenga na marehemu baba. Mume wangu ndiye aliyekwenda kumchukua. Nilipotoka jikoni na sinia, mama alikuwa ameshakaa, mtandio umetulia mabegani, kama jaji.

Nikafurahi. Nikasema moyoni, leo utanitambua, mama yangu yupo.

Nikazitaja tairi. Nikakitaja kiti. Shemeji akakuna kichwa.

"Mdogo wangu, Jumamosi unakwenda wapi?"

"Sina mwanamke, kaka."

"Sikukuuliza hilo. Unakwenda wapi?"

Mume wangu akatazama sakafu. "Siwezi kusema."

"Mnasikia?" nikaruka. "Mama, umesikia?"

Mama alikuwa anasokota ncha ya mtandio wake. Alisokota, akasokotoa, akasokota tena.

"Mwanangu," akasema, "tairi ni tairi. Usifanye haraka."

Basi? Mwanamke aliyenizaa, ananiona navuliwa nguo mbele ya watu, hilo ndilo neno lake? Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia mume wangu. Nikasema mume wangu asiposema ukweli kabla ya Jumamosi ijayo, nafungasha narudi kwa mama.

Mama akashtuka. "Kwangu?"

"Kwani nina kwingine?"

Akarudia kusokota mtandio. Shemeji akasema tukutane tena Jumamosi, akamalizia chai yake, akaondoka kichwa chini.

Ijumaa, nikiwa napeleka mapazia ya hoteli moja, tairi ya mbele ikapasuka.

Pwaa!

Usukani ukanichomoka mikononi, nikapanda ukingo wa barabara, nikasimama hatua chache kutoka kwenye ukuta wa shule. Ingekuwa saa ya watoto kutoka, leo nisingekuwa naandika haya.

Gari likavutwa hadi gereji wanakonyoosha magurudumu. Fundi akalipandisha juu, akaingia chini na taa, akakaa humo kitambo. Kisha akaniita.

"Nani alikuinulia gari?"

"Kuinua vipi?"

Akanionesha. Juu ya springi za mbele kulikuwa na vipande vinene vyeusi, yeye aliviita spesa. Watu wanaviweka ili gari la chini lisiguse matuta. Nikakumbuka kwamba ni kweli siku hizi sikuwa naparuza matuta. Nilidhani nimekuwa dereva mzuri.

"Kuinua si kosa," akasema. "Kosa ni kuinua halafu usirudi kupima magurudumu. Tazama, yamegeukia nje kama miguu ya bata. Tairi haiviringiki, inaburuzwa. Bushi nazo, hizi mpira za kwenye viungo, zimechanika kwa sababu mikono yote inayoshika magurudumu inavutwa vibaya. Gari hii hata ikienda dukani na kurudi, tairi zitaliwa tu."

"Yaani si safari ndefu?"

"Safari ipi? Kilomita zako hizi ni chache kweli."

Nilikaa juu ya tairi kuukuu. Miezi yote ile nimemshitaki mume wangu kwa safari ambazo hazikuwepo!

Lakini moyo wenye wivu hauishiwi. Nikampigia simu.

"Wewe ndiye uliyeinua gari?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Umepona? Fundi tairi kanipigia, ameliona gari likivutwa tairi imepasuka, umepona?"

"Nimekuuliza kwa nini!"

"Nitalipa kila kitu. Nirekebishie hayo magurudumu, ila nakuomba usilishushe gari."

"Sababu?"

"Nakuomba tu."

Nikakata simu. Na hapo ndipo nilipopata jibu langu, jibu la fundi cherehani. Nimewashonea wanawake sketi za kubana miaka mingi kabla sijahamia kwenye mapazia. Najua wanavyohangaika kuingia kwenye gari la chini, goti huku, mshono kule. Kumbe amemwinulia gari mwanamke wa sketi!

"Toa," nikamwambia fundi. "Toa vyote. Funga bushi mpya, pima magurudumu, gari lirudi chini lilivyozaliwa."

Jumamosi nikaamka na kusema mama nitamchukua mwenyewe. Sikutaka mtu amlainishe njiani. Mume wangu alikuwa barazani, akaliona gari lilivyokaa chini. Uso ukambadilika.

"Umelishusha."

"Nimelishusha. Kamwambie."

"Ngoja twende wote, tafadhali."

Sikungoja.

Mama huwa ananipokea amekaa. Siku hiyo nikamkuta amesimama mlangoni, kashika fremu. Akatembea taratibu hadi kwenye gari, akalitazama kutoka juu.

"Gari ni lile lile?"

"Ni lile. Ingia, tumechelewa."

Akageuka, akajiachia. Aliangukia kitini kwa kishindo, akauma midomo. Nikamuuliza vipi, akasema viatu. Njia nzima hakuniangalia.

Tulipofika, shemeji alikuwa ameshawasili. Nikafungua mlango wa mama, nikaanza kuelekea ndani. Nilipogeuka, bado alikuwa amekaa.

"Mama, twende."

"Tangulia."

"Nitanguliaje? Shuka."

Akatoa mguu mmoja nje. Akashika mlango, akajivuta. Hakuinuka. Akajivuta tena, jasho likamtoka, na sauti ikamponyoka, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mama yangu, kama ya mtoto aliyebanwa kidole. Nikamshika kwapani, nikavuta. Akapiga ukelele.

"Niache! Nyonga!"

Mume wangu alikuja mbio kutoka barazani. Hatua chache kabla ya gari akasimama kama aliyekutana na kamba, akageuza uso pembeni.

"Nilikuomba usilishushe," akasema, bila kututazama.

Nilisimama pale, mikono bado iko kwapani mwa mama yangu, na akili yangu ikaanza kwenda polepole, hatua kwa hatua, mahali ambapo sikutaka ifike.

"Jumamosi," nikasema. "Mama. Ni wewe?"

Mama alikuwa analia sasa.

"Ananipeleka hospitali, kwenye mazoezi. Nyonga imekwisha, mwanangu. Mwanzo nilikuwa nikiingia kwenye gari lenu siwezi kutoka. Na yeye ni mkwe wangu, anishikeje? Nimshikeje? Nilikaa humo nikamwambia aondoke, nijitoe mwenyewe, nikachukua muda mpaka nikaona aibu. Juma lililofuata akaja, gari liko juu, kiti kimesukumwa nyuma nipate pa kupitishia mguu. Nasimama mwenyewe. Yeye huenda nyuma ya gari, ananipa mgongo mpaka niseme tayari."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akavuta mtandio kichwani.

"Mama, nisingekuacha hata siku moja na hali hiyo! Ungehamia hapa kwangu, hiyo nyumba tungepangisha, ungekaa na mimi, ungekula vizuri..."

"Umeona?" akasema mama.

Nikaondoa mikono yangu kwapani mwake.

"Ndiyo sababu. Dakika haijaisha, umeshanitoa kwenye nyumba yangu. Nilimwapisha. Nikamwambia, siku atakayojua binti yangu, ndiyo siku nitakayolala nje ya nyumba yangu. Akakubali. Hata ulipomweka kikaoni, akakubali. Na mimi nilikaa pale namwangalia anachomwa, nikashika mtandio."

Shemeji, aliyekuwa mlangoni na kikombe, alikiweka chini bila kunywa.

Mama akafuta uso. Akanyoosha mkono, si kwangu, akaunyoosha kunipita.

"Mkwe," akasema. "Njoo unishike."

Mume wangu hakugeuka. "Mama, nitaita jirani."

"Sitaki jirani. Nimekuvunjia heshima mbele ya ndugu yako kwa kunyamaza, sasa heshima gani tunaibakiza? Njoo, mwanangu. Nishike."

Akaja. Alimshika kama anavyoshika karatasi za mtihani, kwa vidole kwanza, halafu kwa mikono yote. Alihesabu, "moja, mbili," na kwenye tatu mama yangu akasimama. Hakumwachia hadi kwenye kiti cha barazani.

Kesi iliishia pale. Shemeji aliuliza kwa upole kama kuna mwenye la kuongeza, nami nikapiga magoti, nikaomba radhi. Mume wangu akaniinua.

"Nimekusikia," akasema. "Ila nipe muda. Imeniuma."

Nikampa. Bado nampa.

Gari tumelipandisha tena, safari hii kwa mtu anayejua kazi, magurudumu yakapimwa siku hiyo hiyo. Mama yuko kwenye nyumba yake. Sikumhamisha, ingawa ulimi unaniwasha kila nikimtembelea. Juzi nilimwomba Jumamosi hii nimpeleke mimi.

"Aje yeye," akasema. "Wewe utaniuliza maswali njia nzima."

Ninachotaka mwondoke nacho ni hiki. Mtu wako akinyamaza huku unamwona anaumia, usikimbilie kusema anaficha uchafu wake. Pengine anabeba siri ya mtu unayempenda wewe, na anakubali umchukie ili mtu huyo alale kwake kwa amani. Muulize mara moja, kwa sauti ya chini. Asipojibu, msogelee ukae naye kabla hujaita kikao.

Mimi niliita kikao.