Keki ya Wajane Wawili

Baba aliondoka Bariadi asubuhi kwenda Mwanza kununua bomba la kupulizia dawa ya pamba. Kesho yake alirudi na oveni. Aliiweka juu ya meza ya sebuleni, akaitoa kwenye boksi taratibu kama padri anavyofunua kikombe, kisha akasimama pembeni kungoja makofi. Ilikuwa oveni ndogo ya umeme, ya kukaa mezani, na mlango wake ulikuwa wa kioo.

"Bomba liko wapi?" Mama akauliza.

"Serikali imefungua milango, mke wangu. Madukani kuna kila kitu. Zamani ungeiona wapi hii?"

"Na wadudu wa pamba nao utawaoka?"

Baba akaanza kufuta kioo kwa mkono wa shati. Msimu ule wanunuzi binafsi walikuwa wanafuata pamba mpaka uani kwetu na kutuamkia kwa heshima zote, na nadhani heshima zile zilimpanda kichwani.

Nyumba nzima ilikuwa na soketi moja, ya redio. Kwa hiyo Jumamosi Baba alipaswa kuchagua kati ya mpira na keki. Alikuwa anachagua keki, huku anatazama redio kama mtu aliyefiwa. Kijitabu cha maelezo kilikuwa cha Kiingereza, na mkalimani wa familia ni mimi, kidato cha pili. Nilipojua nilitafsiri. Nisipojua nilibuni. Nilibuni sana.

Wakati huo Bibi, mama yake Baba, alikuwa kwetu. Aliletwa kutoka kijijini, upande wa Malampaka, baada ya Babu kuzikwa na padri aliyehubiri mpaka mafundi wa kaburi wakasinzia. Mimi na Bibi ni wake wenza. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, kwa hiyo Bibi huniita "mke mwenzangu", tunataniana mchana kutwa, na hakuna mwenye ruhusa ya kutuamua. Babu alipofariki tukawa wajane wawili. Nilikuwa mjane wa miaka kumi na tano mwenye mtihani wa hesabu Jumatatu.

Shida ilikuwa moja: Bibi alikuwa hali chakula. Uji vijiko vitatu, chai nusu kikombe, basi. Mama alimpikia wali, akamtafutia samaki kutoka Kalemela, akamchinjia hata jogoo ambaye Baba alimpenda kuliko mimi. Bibi alisema, "Wabeja, mayu," maana yake asante mama, kisha akaisukuma sahani polepole. Kanga iliyokuwa ikimzunguka mara moja ikaanza kumzunguka mara mbili.

Siku moja nilimkuta Mama amekaa juu ya kinu uani, analia bila sauti.

"Atafia mikononi mwangu," akasema. "Amenilea kama mwanawe tangu naolewa. Na kule kwao watasema mke wa mtoto wake alimnyima chakula."

Nikakaa chini, karibu na kinu.

Ndipo Mama akaamua kwamba dawa ni keki. Keki ni laini, Bibi ana meno manne, na mawili kati ya hayo hayakutani. Akachanganya unga, siagi ya kopo, sukari, mayai na maziwa, akamimina kwenye kopo refu kama la mkate. Ilitoka imeumuka, ndefu, ya kahawia, imepasuka juu vizuri. Majirani walikuja kuiona. Mama akamkatia Bibi kipande cha kwanza.

Bibi akakitia mdomoni. Akangoja. Akatafuta kwa ulimi.

"Kimekwenda wapi?" akauliza.

"Umemeza, Bibi," nikamwambia.

"Sijameza kitu. Nimekula upepo."

Mama alicheka pamoja na majirani, lakini baadaye alifuta meza ile ile mara tatu.

Jumamosi iliyofuata akaoka tena, akaniachia niilinde huku yeye akienda kuteka maji bombani. Bibi akavuta kigoda, akakaa mbele ya kioo.

"Nani anakoroga humo ndani?"

"Hakuna. Inaiva yenyewe."

"Chakula kisichoguswa na mtu? Hata ng'ombe akizaa anashikwa mkono. Fungua tukione."

"Bibi, hairuhusiwi. Kitabu kimekataza." Hilo kwa kweli nilikuwa nimelitafsiri sawasawa.

"Serikali imefungua milango yote, huu mmoja ndio umewashinda? Fungua, mke mwenzangu, acha roho mbaya."

Nikafungua. Bibi akainama, akaitazama, akaigusa kwa kidole, akaisemesha Kisukuma kama anabembeleza ndama. Tulikaa hivyo muda mrefu. Tulipofunga, keki ilikuwa imebonyea katikati kama kitanda cha bweni. Ilipoiva ilikuwa fupi, nzito, imeshikana.

Ilipopoa nikamkatia kipande kwa utani. Akakipima mkononi. Akakimega kwa vidole vitatu, akakifinyanga tonge, akalichovya kwenye kikombe cha maziwa mgando.

"Ehe," akasema. "Hiki sasa kina uzito. Kama kiporo cha ugali. Mume wetu alikuwa hatoki kwenda shamba bila kiporo na maziwa." Akala kipande. Akala cha pili. Niliogopa hata kupumua, asije akakumbuka kwamba huwa hali. Akala cha tatu.

Mama alirudi, akaweka ndoo chini, akaona keki iliyolala na nusu yake imepotea.

"Wewe mtoto! Umeiharibu, halafu umeila!"

Nikamgeukia Bibi anitetee. Bibi akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Mayu, mtoto huyu ana tamaa," akasema. "Mimi nimeshindwa kumzuia."

Kisha akacheka, mpaka meno yake yote manne yakaonekana. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka. Nikachapwa makofi mawili ya mgongo, na naapa yalikuwa matamu.

Kuanzia hapo kila Jumamosi nilikuwa muuaji wa keki. Mama akigeuka tu, nafungua mlango. Bibi alikula, mashavu yakaanza kurudi, na Mama akadhani ni uji. Ila Mama mwenyewe alikuwa anadhoofika kwa aibu. Alibadilisha unga, akabadilisha mayai, akamlaumu Baba kwa kununua oveni mbovu. Mwishowe akaweka kiti mbele ya kioo, akakaa hapo kama askari wa benki mpaka keki ikaiva. Ilitoka ndefu kuliko zote. Alipiga kigelegele peke yake.

Bibi akaila kidogo, akasema wabeja, akaisukuma sahani. Jioni hakula. Kesho yake hakula.

Nikamfuata Mama jikoni. "Mama, niseme kitu halafu unipige baadaye?"

Nikamweleza yote: mlango, kiporo, maziwa, ndoa yangu. Alinisikiliza huku ameshika mwiko, nami nikaupigia hesabu umbali wa kukimbia. Hakunipiga. Akakaa.

"Kumbe anakula," akasema. "Kumbe alikuwa anakula chakula changu."

Jumamosi Mama aliiweka keki ndani, akamwita Bibi, akamwekea kigoda mbele ya kioo. Tukaitazama ikipanda, ikipanda, nzuri ya kuitia majirani. Mama akavuta pumzi ndefu. Kisha akaufungua mlango kwa mkono wake mwenyewe, akauacha wazi, na keki ikaanza kushuka mbele ya macho yake.

"Inatosha, mayu?" akauliza.

Bibi akainama, akabonyeza kwa kidole.

"Bado," akasema. "Ngoja upepo uishe."