Zawadi ya Shangazi Asiyesikia

Miwani ya kusomea unaipata hapa Gongoni kando ya barabara, imepangwa juu ya turubai pamoja na betri na viwembe. Unajaribu moja, unajaribu ya pili, unalipa, unakwenda zako kusoma. Hakuna anayekuuliza kama macho yako yanastahili. Masikio ndiyo yamefanywa mali ya matajiri. Nalisema hili kwa hasira, na sitaki mtu aje kunipoza.

Mimi ni fundi cherehani. Kusikia kwangu kulianza kupungua watoto wangu wakiwa bado wadogo, na vifaa ninavyovaa sasa vilinunuliwa kwa mchango wa ukoo mzima. Nashukuru. Lakini mtu asidhani kuvaa kifaa ndiko kusikia. Tukiwa wawili chumbani, uso kwa uso, tutaelewana vizuri tu. Tukiwa wengi, kifaa kinaniletea feni, vikombe, mlio wa cherehani, jogoo wa jirani, kila kitu isipokuwa neno ninalolitafuta. Yaliyobaki nayaokota kwa kutazama midomo ya watu.

Mtaalamu wa kliniki moja kule Dar es Salaam aliniambia dawa yake ipo. Ni kinasa sauti kidogo, msemaji anakibana kifuani, na maneno yake yanakuja moja kwa moja masikioni mwangu hata akiwa chumba cha pili, huku sauti nyingine zikififishwa. Nikauliza bei. Akaitaja bila kunitazama. Kwa fedha ile unapata pikipiki mpya na mafuta ya kuanzia. Kidude cha ukubwa wa kifungo cha koti! Nikamuuliza kama ndani wametia dhahabu. Akasema ndivyo kinavyokuja kutoka nje.

Sisi watu wa Tabora ni wajukuu wa wapagazi. Habari za vitu vitokavyo pwani, na bei iliyopangwa na mtu usiyemwona, tunazijua tangu zamani. Nilirudi nyumbani na masikio yangu yale yale, ila nikaweka sheria. Mwenye neno na mimi asogee. Kwenye vikao vya ukoo nikawa naweka kigoda mbele yangu, na anayetaka kusema anakuja kukaa hapo. Wakubwa walinuna, kisha wakazoea. Miguu yao haikuwagharimu kitu.

Basi mwaka jana ikaja posa ya binti wa kaka yangu. Waposaji walikuwa watu wenye uwezo, wafanyabiashara wa asali na tumbaku kutoka Usinge. Kwetu sisi, kabla mahari haijapokelewa, shangazi huingia ndani kumuuliza mwali kama ameridhia, kisha hurudi sebuleni na jibu. Mwali hukaa kajifunika kanga gubigubi, na akinyamaza, kimya chake huhesabiwa kuwa ndiyo. Wengi hunyamaza. Kaka alitaka kazi hiyo niifanye mimi, nami nikajiona nimeheshimiwa.

Wageni waliingia na sinia lililofunikwa. Haki ya shangazi huwa ni doti ya kanga, pengine na chupa ya manukato. Baba mdogo wa bwana harusi, mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, alikuja mwenyewe kukaa kwenye kigoda.

"Shangazi, tumeambiwa shida yako," alisema. "Sisi hatukuja mikono mitupu."

Juu ya kanga palikuwa na kiboksi. Nilikitambua kabla hajakifungua. Kaka ndiye aliyewaeleza aina ya vifaa vyangu, nao wakaagiza kinachoendana navyo. Mzee akakisogeza sikioni kwangu, akabonyeza kama alivyoelekezwa, akakibana kwenye kanzu yake, akatembea mpaka mlangoni na kunipa mgongo.

"Shangazi, unanisikia?"

Nilimsikia mpaka pumzi. Nikalia mbele ya wanaume wote wale, na sioni aibu kulisema hilo.

"Haya dada, kamuulize mwanao," kaka akasema huku akicheka. "Watu wana safari."

Mzee akakibandua kidude kwenye kanzu, akanipa, nami nikaingia nacho ndani. Nikakibana kwenye upindo wa kanga ya binti, karibu na shingo, nikamuuliza kama desturi inavyotaka: "Mwanangu, watu wamekuja kwa heri. Umeridhia?"

Kanga haikutikisika, na midomo yake sikuiona. Siku nyingine yoyote ningetoka na kusema amenyamaza, tena ningekula kiapo.

"Simtaki, shangazi." Ilikuwa sauti ya chini mno, ya mtu anayesema na mto wake. "Nimemwambia baba kwamba nataka kumaliza chuo. Akasema leo ninyamaze tu."

Nilimshika bega, nikatoka. Niseme kweli, kutoka chumba kile hadi sebuleni nilikitamani kidude kile kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote. Niliwaza harusi, misiba, vikao, wajukuu watakaonisimulia hadithi. Dini yenyewe imesema binti aulizwe. Nilikuwa nimemuuliza, na aliyejua jibu lake ni mimi peke yangu.

Sebuleni nikaona midomo ya kaka inacheza. Ya yule mzee pia ikacheza. Sauti zao hazikunifikia, kwa sababu nilikuwa nimesahau kinasa sauti kwenye kanga ya binti. Masikioni mwangu alikuwamo yeye tu. Analia, anavuta kamasi, anasema "Ya Rabbi, Ya Rabbi" nyuma ya ukuta, huku mimi nimesimama mbele ya watu wanaosubiri kunywa soda.

"Amesema," nikatamka. Nadhani nilipiga kelele, maana mwenyewe sikujisikia. "Hakunyamaza. Amesema hataki."

Chupa zilibaki mikononi mwao. Nikarudi ndani, nikakibandua kidude, nikakifuta kwa ncha ya mtandio, nikakirudisha kwenye kiboksi. Kiboksi nikakiweka juu ya kanga, na sinia zima nikalisukuma hadi miguuni kwa yule mzee. Akasema kitu. Sikukisikia, na sikumwomba arudie.

Wageni walipoondoka kaka alinifuata uani. Alinikaribia kabisa, mpaka nikaiona midomo yake sawasawa.

"Ungesema tu hukusikia," alisema. "Nani angekulaumu?"

"Hakuna," nikamjibu. "Ndiyo maana ulinituma mimi."