Wimbo wa Kumi wa Mzee Cassien

Mzee Cassien wa Kibagabaga si mtu wa kelele. Alitunza ghala kule Masoro mpaka akastaafu, na hakuna anayekumbuka kumsikia akipandisha sauti. Ndiyo maana Ijumaa ile, majirani waliposikia anafoka sebuleni, walidhani ameingiliwa na mwizi.

Hata yeye alidai ni mwizi.

"Wameiba! Christella, nakwambia wameiba! Iko wapi namba kumi?"

Christella, binti yake wa kwanza, alikuwa ameshika simu, na muziki ulikuwa ukitoka kwenye spika ndogo mezani. Tulieni niwaeleze. Jumapili ilikuwa jubilei ya ndoa ya Cassien na Xavérine, miaka arobaini tangu waoane Bujumbura, walikokulia wote wawili. Siku ya harusi walicheza wimbo mmoja, na Cassien alikuwa amemwahidi mkewe kwamba Jumapili watacheza uleule. Ulikuwa wimbo wa mwisho katika albamu ya Gare de Verre, wale vijana wa Ubelgiji wenye nywele zilizosimama kama mswaki, waliochanganya gitaa la roki na vinanda vya umeme. Albamu ya mwaka themanini na nne. Cassien aliisikiliza kwenye kaseti mpaka utepe ukakatika, na tangu hapo kaseti imelala kabatini chini ya mashuka.

Christella aliitafuta albamu mtandaoni, akaipata, akaona kazi imekwisha. Ngoma za mashine zilipoanza kudondoka kama mvua kwenye bati, mzee akafumba macho. Wimbo wa pili akaanza kunung'unika.

"Wameisafisha sauti yake. Nani kawatuma? Unafuaje koti la ngozi kwa sabuni ya unga?"

Hata hivyo mguu wake ulikuwa unapiga sakafu, na gitaa la wimbo wa tano lilimnyanyua kitini. Kisha wimbo wa tisa ukaisha, na simu ikaendelea na muziki wa watoto wa siku hizi.

"Papa, zimeisha. Ziko tisa."

"Kumi!"

"Hapa wanaonyesha tisa."

"Hapo wapi? Namba kumi ndiyo yenyewe! Haina maneno, ni kinanda peke yake. Kinapanda, kinapanda, halafu kinasita, kama mtu aliyefika mlangoni akaona haya kubisha hodi."

"Labda mlikuwa mnaota."

Xavérine, aliyekuwa akipita na beseni la ndizi, akasimama. "Mimi niliucheza na viatu vya kubana. Ndoto haiumizi vidole."

"Basi labda wenyewe wameutoa," Christella akasema.

Hapo ndipo alipomwaga mafuta motoni. Wameutoa kwa ruhusa ya nani? Mtu akishampa mwenzake wimbo, na huyo mwenzake akauolea mke, anaweza kurudi kuuchukua? Mzee akaapa kuwaandikia hao Wabelgiji. Lakini hasira haichezwi kama wimbo, nayo Jumapili ilikuwa inakuja. Asubuhi akaifukua kaseti yake, akapanda basi kwenda Kabuga, kwa Ismaël fundi redio. Ismaël ndiye aliyemrekodia ile kaseti enzi zile, alipokuwa na kibanda Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, kabla wote hawajahamia huku.

Ismaël aliunga utepe kwa kijipande cha gundi kidogo kama ukucha, akaifunga kaseti, akaitia kwenye redio kuukuu. Wakasogeza mpaka mwisho. Wimbo wa kumi ukaanza, kinanda kikapanda, kikapanda, kikasita.

Cassien akapiga meza. "Umesikia? Uko! Majambazi wakubwa!"

Ismaël hakuinua kichwa. "Ndugu yangu, punguza. Hawakuiba kitu."

"Unawatetea?"

"Ule si wao. Ni wangu."

Mnakumbuka, zamani zile hatukuwa tunanunua albamu. Ulipeleka kaseti tupu kwa mrekodi, akakunakilia kutoka kwenye sahani ya santuri. Na warekodi wa Buyenzi walikuwa na sheria yao: mteja harudishiwi kaseti yenye ukimya mwishoni. Ni sawa na kumpa mgeni kikombe cha chai nusu. Sahani ikiisha kabla ya utepe, unajaza kwa chochote ulicho nacho.

"Juma lile sikuwa na kitu," Ismaël akasema. "Padri alikuwa ameniletea kinanda cha parokia, kimeharibika. Nikakitengeneza, nikakijaribu. Huko kujaribu ndiko nilikokujazia."

"Wewe, mtoto wa msikitini, kwenye kinanda cha padri?"

"Kinanda hakiulizi mtu anasali wapi."

"Na ukanyamaza! Ismaël, miaka arobaini! Nimewasifu Wabelgiji mpaka mbele ya wakwe zangu!"

"Ningekuambia ni mimi, ungefanya nini?"

"Ningefurahi!"

"Ungerudi siku ileile, useme nifute, nikuwekee cha Wazungu."

Cassien alijua ni kweli, na hilo lilimuudhi kuliko wizi wote wa Ulaya. Mwizi ungemtukana. Sasa atukanwe nani?

"Jumapili uje," akasema kwa ukali, kana kwamba anamwita mtu polisi. "Na hiyo redio uje nayo."

Jumapili Ismaël alikuja, akaketi nyuma karibu na nguzo ya hema, na chupa yake ya Fanta. Kenny, kijana wa muziki, aliunganisha redio kwenye maspika yake. Cassien na Xavérine wakasimama katikati.

"Wapendwa," Kenny akatangaza, "sasa tuwapeleke zamani kidogo, muziki kutoka Ulaya!"

Kinanda kikaanza. Walikuwa hawajapiga hatua mbili, Cassien akamwachia mkewe mkono.

"Zima! Nani kakwambia Ulaya?"

"Mzee... inasikika tu ni ya Ulaya."

"Inasikika! Na mimi ilinisikikia hivyohivyo, ujana wangu wote!" Akamnyang'anya kipaza sauti. "Ismaël, simama."

Kule nyuma Ismaël akatikisa kichwa.

"Simama, bwana, nisizidi kukasirika!"

Watu wakacheka. Ismaël akasimama, chupa mkononi.

"Huyo hapo! Wa Buyenzi! Kinanda kibovu cha padri! Na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu kizuri kikitoka kwetu tunadhani kimepotea njia!"

Xavérine alikuwa bado katikati, mkono umebaki hewani.

"Papa Christella, umeshasema, tumesikia. Rudi hapa, viatu vinabana."

Mzee akarudisha kipaza sauti. "Anza upya. Na useme vizuri."

"Kutoka Buyenzi," Kenny akatangaza, "Mzee Ismaël!"

Wakacheza. Kinanda kilipofika pale kinaposita mlangoni, Cassien aligeuka, akamkazia Ismaël macho juu ya bega la mkewe, uso umekunjwa vilevile. Ismaël akainua chupa ya Fanta. Cassien akakataa kutabasamu.