Vidole vya Fundi wa Mtandao

Fundi wa mtandao haamini skrini mpaka vidole vyake vikubali. Kila pakiti ya data inayoingia kwenye mashine hupewa nafasi katika kumbukumbu, na kila sehemu ya programu inayoishika huongeza moja kwenye hesabu yake. Ikiiachia, hupunguza moja. Hesabu ikifika sifuri, nafasi huwa wazi kwa pakiti nyingine. Basi yeye husoma programu kwa kunong'ona, akikunja kidole kwa kila kushika na kukinyoosha kwa kila kuachia. Wiki hii mashine inayopokea simu za gari la wagonjwa imekuwa ikijaa na kuganda kila baada ya saa tatu, na simu zinawakatikia watu wakiomba msaada.

"Dada, zimebaki dakika arobaini igande tena," mkuu wa zamu anasema mlangoni.

"Usinisemeshe, nimekunja viwili!"

Anafika mahali programu inapokutana na pakiti mbovu. Inaitupia jicho, inageuka, inakwenda zake. Anatazama mkono wake: kidole kimoja bado kimekunjwa, yaani nafasi ya kila pakiti mbovu haiachiwi kamwe na kumbukumbu inajaa. Anaruka hadi kiti kinaanguka.

"Nimempata! Huyu ameondoka bila kuachia!"

"Nani aliandika hapo?"

Anatafuta jina la mwandishi, anapiga makofi. "Mimi! Mkubwa, ni mimi mwenyewe!"

"Kikulacho ki nguoni mwako."

"Na leo nimekivua!"

Anaongeza mstari mmoja wa kuachia, mashine inawashwa upya. Saa tatu zinapita. Katika ya nne simu inaita, inapokelewa, na mwanamke mwenye pumzi fupi anataja mtaa wake mpaka mwisho.